Jivu la Jikoni na Mboga za Khunyangu

Msafiri aufikiaye mpaka wa Uganda hapo Busia au Malaba, akayaona malori yaliyopangana na wabadilishaji fedha waliokaa kando ya njia, aghalabu hudhani ya kwamba nchi hii ya Khunyangu, upande wa Kenya, haina kazi nyingine ila kuvusha bidhaa. Lakini akichepuka kidogo akazunguka nyuma ya nyumba za watu, ataona vituta vya mrenda, saga, kunde na mitoo, ambavyo asili yake ni ya kale kuliko mpaka wenyewe. Mpaka ulianza mwaka 1902, Waingereza walipoukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, Wasamia na Wateso wakawa pande mbili. Ilhali mbegu za mboga hazikuacha kupita mikononi mwa wakwe na mashemeji, ng'ambo hii na ile.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Kavirondo, kama nchi hizi zilivyoitwa zamani, mwaka 1883 pamoja na wapagazi wake wa pwani, hata akalifikia ziwa la Nyanza, alistaajabia wingi na urahisi wa chakula alichokikuta. Siku hizo mashamba ya wimbi na mtama yalikuwa mbali na boma, bali mboga zilipandwa karibu na jiko, mahali palipotupwa maganda, takataka na jivu kila siku, na hasa katika kiwanja cha zizi lililohamishwa. Kwani wazee walijua ya kwamba ardhi iliyolaliwa na ng'ombe hustawisha mnavu na maboga bila ya kuongezewa kitu. Mwenye elimu hiyo alikuwa mama wa nyumba. Yeye ndiye aliyemwaga mbegu za mrenda mvua za Machi zilipoanza, akachuma ncha ili shina litoe matawi, akaacha mashina machache yenye afya yakomae, kisha akazichanganya mbegu na jivu, akazitia kibuyuni, na kibuyu akakitundika juu ya mafiga ili moshi uwafukuze wadudu.

Jivu lastahili kutajwa peke yake, kwani ndilo lililofungamanisha jiko na bustani. Maharagwe yakisha kupurwa, maganda makavu huchomwa, na jivu lake hutiwa katika chungu kilichotobolewa chini. Maji humiminwa juu yake taratibu, na tone kwa tone huchuruzika maji ya rangi ya chai hafifu, ambayo Waluhya huyaita musherekha. Huo ndio munyu wa kupikia mrenda na kunde, ulainishao jani gumu likaiva upesi. Nalo jivu la kuni hunyunyizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani, kwenye kunde zilizoingiwa na vidukari. Hushikamana na jani, na wadudu wakapungua. Hivyo kilichotoka shambani kilirudi shambani.

Desturi hii haikuachwa kwa sababu ilishindwa kazi. Iliachwa kwa kuonewa haya. Kwanza ilihimizwa pamba, ambayo haiingii chunguni. Kisha zikaja kabichi na sukumawiki, zikapata heshima ya mezani, na saga na mnavu vikaitwa magugu na chakula cha maskini. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya namba 611, nayo yalilisha watu wengi, wala hapana haja ya kuyalaumu. Lakini pamoja nayo ilienea dhana ya kwamba udongo hauzai mpaka ufunguliwe gunia la mbolea ya chumvichumvi, na aliyekosa fedha za gunia akakata tamaa, ilhali samadi imerundikana zizini mwake.

Ajabu ni kwamba hata kabla ya hapo wataalamu wa mbali walikuwa wakiitafuta hekima ya namna hii. Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore katika Bara Hindi tangu 1924 hata 1931, alijifunza kutengeneza mboji, akakiri ya kwamba wakulima wa huko walikuwa walimu wake. Hapa kwetu, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezichunguza mboga hizi kwa miaka mingi, akaonyesha utajiri wake wa madini na vitamini. Na mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha mazao yasiyotiwa kemikali, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Basi jani la upande huu na la upande ule yakawa na hukumu moja.

Kwa hiyo mtu wa Khunyangu atakaye kuanza bustani isiyo na dawa za dukani ajue ya kwamba anarudia mali yake. Inamtosha tuta moja karibu na jiko, samadi iliyokwisha kuoza, majani makavu ya kufunika udongo usikauke, na jivu; na mrenda wake utachumwa baada ya wiki tano au sita. Lakini kabla ya jembe, na aende kwa kukhu wake, yaani bibi yake, au kwa mama mzee wa jirani, amwombe ukufi mmoja wa mbegu, akae naye chini amwulize alizihifadhi kwa namna gani. Na afanye hivyo mwaka huu, kabla ya mvua za Machi.