Wimbo wa Fisi

Mtihani wa majaribio, kidato cha nne, somo la Kiingereza. Tumepewa ngano fupi ya fisi. Taja sifa nne zinazoonyesha kwamba hii ni fasihi simulizi. Nikaandika chapchap: mwanzo maalumu, takriri, tanakali za sauti, wimbo. Alama zote nikazoa, kichwa kikavimba.

Ngano yenyewe niliijua. Nyanya alitutambia kwa Kikamba, na fisi akianguka, yeye hupiga goti kofi. Karatasini fisi alianguka kimyakimya, kwa Kiingereza.

Nilidhani maswali yale yaliachwa na Waingereza. Kumbe wapi! Mwaka 1968 Nairobi ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na fasihi ilifundishwa katika Idara ya Kiingereza. Maandishi ya Uingereza ndiyo yaliyokuwa shina. Septemba hiyo kaimu mkuu wa idara alitoa mapendekezo yake. Tarehe 24 Oktoba vijana watatu wakamjibu: Owuor Anyumba, Taban lo Liyong na James Ngugi, ambaye baadaye alilitupa hilo James. Hawakuomba vitabu viwili vitatu vya Mwafrika viongezwe, la. Walitaka idara yenyewe ifutwe, pawepo idara ya fasihi na lugha za Kiafrika, Afrika ikae katikati na wengine wapimwe kutoka hapo. Na ngano, methali, vitendawili na nyimbo zifundishwe kama fasihi kamili. (Hoja hiyo waliiandika kwa Kiingereza, lakini wangemwandikia nani kwa lugha nyingine?)

Chuoni walishinda kwa sehemu kubwa. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi School kuzungumzia fasihi ya Kiafrika shuleni, na baadaye ngano zikaingia darasani. Lakini chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, fasihi ya sekondari ikaunganishwa na Kiingereza kuwa somo moja. Kwa hiyo fisi wa nyanya, ndugu msomaji, alirudi kulekule walikotaka kumtoa, na huko ndiko nilikokutana naye.

Nyanya alifariki muhula uliofuata. Sasa naandika riwaya, sura ya tatu ina fisi, na pale pa kuimba nimeacha nafasi. "Wimbo" niliuandika mtihanini nikapewa alama. Maneno yake sikuwahi kumwuliza mwenyewe. Mama anakumbuka sauti tu. Huivumisha akipika, akifika katikati hunyamaza.