Waridi la Mwadui: Jiwe Lililopindika Likapanda Bei

Oktoba 2022, katika mnada wa Sotheby's mjini Hong Kong, jiwe la karati 11.15, yaani gramu mbili na ushee, liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 57.7. Wanadi wenyewe walikuwa wamelikadiria kwenye milioni 21. Ukigawa bei kwa uzito unapata zaidi ya dola milioni tano kwa kila karati, na hakuna almasi iliyokuwa imewahi kufika hapo mnadani. Jiwe lilitoka Mwadui, mkoani Shinyanga. Rangi yake ni waridi iliyokolea.

Lilipewa jina la Williamson Pink Star. Sehemu moja ya jina hilo inakumbusha almasi nyingine kubwa ya waridi iliyouzwa mjini humo mwaka 2017. Sehemu nyingine inaturudisha kwa John Williamson, mjiolojia wa Kanada mwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha McGill, aliyekuja Tanganyika miaka ya 1930 kutafuta almasi. Walioanza naye walikata tamaa, yeye akang'ang'ania, na mwaka 1940 akalipata alilokuwa akilitafuta: bomba la kimbalaiti lenye eneo la hekta 146 hivi, moja ya mabomba makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. Bomba la namna hiyo ni njia ya volkano ya kale. La Mwadui lililipuka takriban miaka milioni 50 iliyopita, ambayo kwa hesabu za kimbalaiti ni juzi tu. Almasi zilizopandishwa humo ni za kale kupita bomba lenyewe. Zilikwisha kuumbika chini zaidi ya kilomita 150, zikawa zinangoja usafiri.

Oktoba 1947 likaibuka jiwe la waridi la karati 54.5. Mwezi uliofuata binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa, na Williamson, ambaye alikuwa akivutana kwa miaka na kampuni ya De Beers kuhusu mauzo ya almasi zake, akalitoa jiwe hilo kuwa zawadi ya harusi. Mafundi wa Briefel na Lemer wa London ndio waliokabidhiwa kulikata, na mwaka 1948 Elizabeth na bibi yake, Malkia Mary, walikwenda karakanani kuona kazi inavyoendelea. Lilipokamilika lilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na vipande na unga, kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo. Mwaka 1953 nyumba ya Cartier ikalifanya kitovu cha ua la kubandika kifuani, lenye petali za almasi nyeupe. Malkia Elizabeth alilivaa mwaka 1981 siku mwanawe Charles alipomwoa Diana.

Katika habari yote hiyo, hapakuwa na mtu wa kueleza kwa nini jiwe lile lilikuwa la waridi. Si fundi aliyelikata, si Williamson na udaktari wake. Kila mtu alijua kwamba rangi ni adimu. Inatoka wapi lilikuwa swali la watu wachache waliojifungia maabara.

Swali lenyewe lilikuwa na umri wa miaka 150 tayari. Mwaka 1797, mkemia Smithson Tennant alichoma almasi pamoja na shura ndani ya chombo cha dhahabu kilichofungwa, akapima hewa iliyotoka. Ilikuwa ileile inayotoka kwenye makaa ya uzito uleule. Almasi, basi, ni kaboni na si kingine. Lakini kaboni iliyopangika vizuri kwa mtindo wa almasi inapitisha mwanga wote tunaouona. Haina cha kuuzuia, kwa hiyo haina rangi. Mbona basi ziko za njano, za buluu, za kijani, za kahawia?

Njano ilitatuliwa kwanza, na haikutatuliwa mapema. Mwaka 1934 watafiti watatu wa Uingereza, Robertson, Fox na Martin, waliona kwamba almasi zinagawanyika makundi mawili zinapopitishiwa mionzi ya urujuanimno: nyingi huizuia, chache huiachia ipite. Sababu hawakuijua. Ilibidi ifike 1959 ndipo Kaiser na Bond wa maabara za Bell, Marekani, walipoonyesha kwamba tofauti ni naitrojeni, gesi hii tunayoivuta kila pumzi. Atomi zake huingia mahali pa kaboni wakati jiwe linakua. Zikikaa makundi ya tatu tatu kuzunguka pengo lililo wazi, hula sehemu ya mwanga wa urujuani na buluu, na jiwe likaonekana na unjano. Zikikaa mojamoja zilizotawanyika, unjano unakuwa mkali kabisa.

Wafanyabiashara walikwisha kuipa njano hiyo jina na daraja kabla ya sayansi. Machimbo ya Kimberley, Afrika Kusini, yalipofumuka miaka ya 1870, yalileta sokoni mawe mengi yenye kivuli cha njano, nayo yakaitwa mawe ya Cape, kwa namna ya kuyashusha. Ngazi inayotumika leo ilitungwa na taasisi ya GIA ya Marekani miaka ya 1950 kwa misingi hiyohiyo. Inaanzia herufi D, kwa sababu A, B na C zilikwisha kuvurugwa na wauzaji waliokuwa wakizitumia kila mtu kivyake. D ni jiwe lisilo na rangi, Z ni jiwe lenye njano au kahawia nyepesi, na kila herufi unayoshuka inakata bei. Ajabu inakuja baada ya Z. Njano ikizidi kiwango hicho, jiwe linahamia kundi la rangi za fahari na bei inaanza kupanda tena. Naitrojeni ni ileile. Jiwe la Tiffany, la karati 287.42, lilitoka Kimberley hukohuko, na lilipokatwa kufikia karati 128.54 hakuna aliyelidharau kwa unjano wake.

Buluu ina habari yake, na yenye vituko zaidi. Almasi iitwayo Hope ilitoka India, ikauzwa na msafiri Jean-Baptiste Tavernier kwa mfalme Louis XIV wa Ufaransa mwaka 1668, ikaibwa mwaka 1792 wakati wa mapinduzi ya nchi hiyo, ikaibukia London ikiwa imekatwa upya. Leo ina karati 45.52. Mwaka 1958, mwaka uleule Williamson alipofariki na warithi wake wakaiuzia De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mgodi wa Mwadui nusu kwa nusu, sonara Harry Winston wa New York aliipeleka Hope kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington kwa njia ya posta. Gharama pamoja na bima ilikuwa dola 145.29.

Rangi ya Hope inatokana na boroni, chembe chache katika kila milioni. Hilo halikujulikana moja kwa moja. Mwaka 1952 J. F. H. Custers aligundua kwamba almasi za buluu hupitisha umeme, jambo ambalo almasi nyingine hazifanyi, na kwa miaka mingi alumini ndiyo iliyoshukiwa, hadi mwaka 1971 majaribio yalipoithibitisha boroni. Ukiimulika Hope kwa taa ya urujuanimno kisha ukaizima taa gizani, jiwe hubaki liking'aa rangi nyekundu kama kaa kwa sekunde kadhaa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha ushahidi kwamba mawe haya huumbika chini mno, hata kupita kilomita 660, na kwamba boroni yake huenda ilishuka huko pamoja na mwamba wa sakafu ya bahari uliozama.

Kijani ni kazi ya mionzi. Madini ya urani yakikaa jirani na almasi kwa miaka mingi sana, mionzi yake hugonga atomi za kaboni na kuzitoa mahali pake. Mara nyingi kijani hicho hakivuki ngozi ya jiwe, na fundi akianza kusugua kinaondoka chote. Ndiyo maana Dresden Green, ya karati 41, inaheshimiwa: kijani chake kimeenea jiwe zima. Ina bahati pia. Wezi walipovunja hazina ya Dresden Novemba 2019, jiwe hilo lilikuwa limeazimwa na makumbusho ya Metropolitan, New York. Sir William Crookes alijaribu kuiga kazi ya maumbile mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuzifukia almasi ndani ya chumvi ya radiamu. Ziligeuka kijani kweli, na zimebaki na mionzi.

Tunarudi kwenye waridi, na hapa kanuni inabadilika. Ukitafuta naitrojeni, boroni au urani ya kulaumu, huipati. Katika almasi nyingi za waridi, rangi haikuletwa na mgeni aliyeingia. Rangi imetokana na jiwe kukamuliwa na kupindwa huko chini, kwenye joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi, bila kuvunjika. Tabaka za atomi zimeteleza kidogo moja juu ya nyingine, kama karata zinavyoteleza ukizisukuma kwa kiganja, na penye mteleko pakabaki kasoro inayokula mwanga wa kijani na wa njano. Unaobaki, mwekundu na buluu kidogo, ndio tunaouita waridi. Kasoro yenyewe ya atomi ni ipi hasa, wanasayansi bado wanabishana.

Mawe mengi ya namna hii yakiwekwa chini ya darubini hayaonekani waridi kote. Rangi imejipanga kwenye mistari myembamba iliyo sambamba, na katikati ya mistari jiwe ni jeupe kama maji. Fundi lazima aisome mistari hiyo kabla hajagusa gurudumu, maana akikosea upande wa kukata, uso wa juu utatoka umepauka na fedha nyingi zimepotea.

Kukamuliwa nako kuna kipimo. Kukizidi, almasi inakuwa ya kahawia, na hapo ndipo wengi wanaishia. Mgodi wa Argyle, Australia Magharibi, ulitoa takriban asilimia 90 ya almasi za waridi duniani hadi ulipofungwa Novemba 2020, lakini sehemu kubwa ya mawe yake ilikuwa kahawia, ikabidi wauzaji wayaite shampeni na konyaki ili yapate wateja. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba bomba la Argyle lilifunguka miaka bilioni 1.3 iliyopita, bara la kale liitwalo Nuna lilipokuwa linapasuka, ilhali mpindo uliyatia mawe rangi mapema zaidi, mabara yalipogongana. Mwadui imekaa juu ya mwamba mkongwe wa aina yake, na baada ya Argyle kufungwa, macho ya wafanyabiashara yamegeukia Shinyanga zaidi.

Kwa maoni yangu, ngazi za rangi zinatueleza habari za soko kuliko za mawe. Njano kidogo ni aibu na nyingi ni fahari. Mpindo kidogo ni mamilioni, mpindo mwingi ni konyaki. Jiwe la Hong Kong lilitolewa Mwadui likiwa la karati 32.32, likauzwa ghafi mwaka 2021 kwa dola milioni 13.8. Kati ya bei hiyo na ya mnada kuna karibu dola milioni 44: ustadi wa mkataji, hatari aliyoibeba, cheti, jina na uhaba.

Mwezi mmoja baada ya mnada ule, Novemba 2022, kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilibomoka, maji na tope vikaingia mashambani na kwenye makazi ya jirani, na uzalishaji ukasimama hadi katikati ya 2023. Januari 2025 kampuni ya Petra, iliyoingia Mwadui mwaka 2009, ilitangaza makubaliano ya kuuza hisa zake zote za mgodi. Mnunuzi anaitwa Pink Diamonds Investments, na bei ilitajwa kuwa hadi dola milioni 16.