Mwanga, Mng'ao na Mwaniko: Istilahi za Upigaji Picha na Njia ya Misafara ya Tabora

Kila fani iingiapo nchini huja na vyombo vyake, na vyombo hudai majina. Upigaji picha uliingia Afrika Mashariki katikati ya karne ya 19. Hata hivyo, hata leo ambapo kila mwenye simu ya mkononi ni mpiga picha, istilahi zetu zilizozoeleka ni zile za vyombo: kamera, lenzi, filamu. Mwanga, ulio kiini cha kazi yenyewe, haujapewa haki yake. Mfasiri akutapo katika matini ya kigeni neno la nuru itokayo juani, neno la kiasi cha nuru kinachoangukia kitu, na neno la zile sehemu za picha zilizo nyeupe kupita zote, mara nyingi huyafasiri yote matatu kwa neno moja tu: "mwanga". Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa njia ya misafara iliyopita Tabora, kwamba upungufu huo hutupotosha hata katika kuisoma historia yetu.

Mwaka 1860, John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Unguja kuelekea bara wakiwa na kamera. Grant alikwisha piga picha kadhaa mjini Unguja. Lakini kamera hiyo haikufika Unyanyembe. Speke aeleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba aliirudisha pwani, kwa sababu joto la ndani ya hema dogo alimofanyia kazi Grant lingemwua mwenzake huyo upesi.

Sababu hiyo haina budi kuelezwa. Siku hizo picha ilipigwa kwa sahani ya kioo iliyopakwa kolodioni na kuchovywa katika nitrati ya fedha. Sahani ilipasa kutayarishwa gizani, kutiwa katika kamera ingali mbichi, kisha kusafishwa kabla haijakauka. Yote hayo katika muda wa dakika chache. Tena, misafara iliondoka alfajiri na kutua kabla ya jua kupanda sana. Hivyo saa ya mpiga picha kusimamisha hema lake ilikuwa ndiyo saa jua linapokaribia utosi, wakati joto ni kali na vivuli ni vifupi na vyeusi.

Basi walipofika Kaze, yaani Tabora, Januari 1861, Grant alikuwa na karatasi na rangi za maji tu. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Mchoraji wa rangi za maji hana haja ya kupaka weupe: mahali pa kung'aa hupaacha wazi, karatasi yenyewe ikawa ndiyo nuru. Yafaa tulishike jambo hili, kwani litatufaa katika kuunda istilahi.

Mfano wa pili ni wa Kalulu, mtoto aliyekabidhiwa kwa Henry Morton Stanley na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe mwaka 1871. Picha yake mashuhuri akiwa na Stanley ilipigwa London mwaka 1872, chumbani, mbele ya pazia lililochorwa mandhari. Wasomaji wengi wa Ulaya waliijua safari ya Tabora kwa picha ambayo haikuguswa na jua la Tabora. Kalulu mwenyewe alikufa maji katika Mto Kongo mwaka 1877.

Hata picha zilizopigwa nje kwa sahani za zamani zahitaji msomaji mwenye tahadhari. Kolodioni ilipokea sana nuru ya buluu na kutoitambua kabisa nyekundu. Kwa hiyo anga la buluu lilitokea jeupe tupu, na udongo mwekundu ukatokea kama makaa. Vivyo hivyo, ngozi ya kahawia ilitokea nyeusi kuliko ilivyo, na kanzu nyeupe juani ikapoteza mikunjo yake yote. Mwalimu asiyelijua hilo atawaambia wanafunzi kwamba siku ile palikuwa na mawingu, au kwamba wapagazi walisimama gizani. Kumbe watu wale walisimama juani mchana kweupe, na sahani ndiyo iliyowanyima nyuso.

Tukirudi kwenye istilahi, lugha yetu haina umaskini wa maneno. Twapendekeza "mwanga" libaki kwa nuru yenyewe, na "mwangaza" liwe kiasi chake kinachoangukia kitu. Kwa zile sehemu nyeupe kupita zote, wengine wangependa "kimeta", kwa kuwa latokana na kumeta. Lakini hilo ni jina la ugonjwa wa mifugo, na Bwana Mifugo hatatuelewa. "Angavu" nalo hutumika kwa maji au kioo kipitishacho mwanga. Linalofaa zaidi ni "mng'ao", wingi "ming'ao".

Kitendo cha kuiacha sahani au filamu ipokee mwanga kwa muda uliopimwa kina kitenzi tayari: kuanika. Mama wa Kinyamwezi aanikaye michembe juani ajua kwamba muda ukipungua huoza. Nomino yake, "mwaniko", yaweza kuchukua maana ya kitaalamu bila taabu. Mwaniko ukizidi, ming'ao hupoteza alama zote na kubaki karatasi tupu, kama pale mchoraji alipoacha wazi, ila safari hii bila kukusudia. Hapo neno la mitaani, kwamba picha "imeungua", lastahili kusanifishwa. Kwa upande wa giza, "uvuli" uwe wa mahali jua lisipofika, kama barazani mwa tembe, na "kivuli" kiwe umbo linalotupwa chini na kitu.

Tofauti hizi si mapambo. Mpiga picha wa leo akisimama Kwihara adhuhuri, mbele ya mzee mwenye kanzu aliyeketi uvulini, angali na tatizo lile lile: akiufuata uso, kanzu iliyoguswa na jua itaungua, akiufuata mng'ao wa kanzu, uso utapotea. Akielezwa kwa maneno manne tofauti atajua la kufanya: amsogeze mzee, angoje jua lishuke, au apime mwaniko upya.

Kwa watunzaji wa nyaraka na makumbusho, hatua ya kwanza ni nyepesi. Chini ya picha ya zamani yenye anga jeupe, badala ya kuandika "siku ya mawingu", iandikwe: "Anga limeungua, sahani ya kolodioni." Maneno matano tu, na mwanafunzi atakuwa ameambiwa kweli.