Neno Moja katika Utenzi wa Maldon

Wasikilizaji, mwaka 991 maharamia wa Skandinavia walituama kisiwani karibu na Maldon, mashariki ya Uingereza. Njia ya kuvukia ilionekana maji yakipwa tu, na watu watatu, asema mtunzi, waliiziba. Lakini Byrhtnoth, liwali wa Essex, aliwaachia adui wavuke; naye akauawa. Mtunzi alilitaja tendo hilo kwa neno ofermod, yaani moyo uliopita kiasi. Ni sifa au lawama? Wataalamu wangali wakibishana. Sisi twaona ni lawama, maana utenzi mwingine wa Kiingereza cha kale wamwita Shetani hivyo hivyo. Sifa aliwawekea watumishi waliokula karamu za bwana wao: wengine walikimbia, bali mzee Byrhtwold alikataa kuondoka, akataka kulala kando yake.