Okapi (kisu)

Okapi ni kisu cha kukunja cha mfukoni kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya nchi hiyo barani Afrika. Toleo la Kijerumani halitengenezwi tena: tangu mwaka 1988 visu vyenye jina hilo hutengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo Okapi ya Kijerumani inayopatikana leo ina umri wa zaidi ya miaka thelathini, na ubora wake hutegemea hali ya kufuli lake kuliko jina lililopigwa chapa.

Jina na historia

Kisu kinaitwa kwa jina la okapi, mnyama wa jamii ya twiga anayeishi katika misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo. Mnyama huyo alielezwa na wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kisu kutokea.

Makoloni ya Ujerumani barani Afrika yalikuwa Togo, Kamerun, Namibia ya leo na Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Koloni hili la mwisho lilijumlisha Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Nyanda za juu za Kigoma, pamoja na Kasulu na Kibondo, zilikuwa ndani yake hadi majeshi ya Ubelgiji yalipoingia mwaka 1916. Mwaka 1921 Wabelgiji waliikabidhi Kigoma kwa Waingereza. Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote, lakini kisu kiliendelea kutengenezwa. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ilinunua alama ya biashara pamoja na mitambo ya awali.

Muundo

Bapa ni la chuma cha kaboni. Chuma hicho hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu kisipokaushwa na kupakwa mafuta. Mpini wa kawaida ni wa mbao, wenye mapambo ya chuma ya mwezi na nyota.

Okapi yenye kufuli ina springi mgongoni mwa mpini, na kisigino cha bapa kina meno. Bapa likifunguliwa, meno hupita chini ya springi yakitoa mlio, kisha springi hulishika. Ili kulikunja, mtumiaji huvuta pete inayoinua springi.

Tofauti na kufuli la bamba

Visu vingi vya kisasa hutumia kufuli la bamba la ndani. Aina hii ilienezwa na fundi Mmarekani Michael Walker katika miaka ya 1980. Bamba jembamba ndani ya mpini hujisukuma nyuma ya kisigino cha bapa na kulizuia lisijikunje. Wakati wa kukunja, kidole gumba husukuma bamba pembeni, nacho huwa katika njia ya bapa. Kwa hiyo hakina budi kuondolewa kabla bapa halijafika. Kwa Okapi, mkono mmoja huvuta pete na mwingine hukunja bapa.

Kukagua kisu cha zamani

Kufuli likishindwa kazini, makali hurudi juu ya vidole. Kwa sababu hiyo ukaguzi huanza na kufuli, kisha makali:

1. Fungua bapa hadi mwisho. Springi iingie kabisa, wala isirudi nje inapoguswa.
2. Tikisa bapa juu na chini. Likicheza, meno au springi vimechakaa. Kisu hicho kisitegemewe kwa kazi ya nguvu.
3. Tikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza, ribiti imelegea. Fundi anaweza kuikaza kwa kuigonga.
4. Weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa polepole juu ya ubao. Bapa lisijikunje.
5. Angalia kutu. Rangi ya kijivu au nyeusi kwenye chuma cha kaboni si kasoro. Mashimo ya kutu karibu na ribiti ni hatari.
6. Pima upana wa bapa. Lililonolewa miaka mingi huwa jembamba na hupinda au kuvunjika kirahisi.

Okapi ya Kijerumani iliyolegea haifai kazi kuliko ya Afrika Kusini iliyo imara, hata kama ya kwanza ina bei kubwa zaidi kwa wakusanyaji.

Matumizi

Katika maeneo ya kilimo kama Kasulu na Kibondo, kisu cha mfukoni hufaa kumenya muhogo na muwa, kukata kamba za kufungia mizigo na kuchonga vijiti. Hakifai kupasulia kuni wala kubandulia vitu, kwa sababu kufuli halikuundwa kubeba nguvu hiyo. Kazi hizo ni za panga na shoka.

Nchini Jamaika na Afrika Kusini kisu hiki kimejulikana pia kama silaha ya mitaani. Visu vya aina hii haviruhusiwi kuingia navyo ndani ya ndege.