Ganda la chuma kwenye risasi: lina madhara gani kwa bunduki?

Risasi nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti, kiwashio, na ganda linalovishika vyote. Ganda la kawaida ni la shaba iliyochanganywa na zinki. Lakini risasi nyingi za AK, bunduki inayojulikana sana ukanda wetu, zina ganda la chuma lililopakwa rangi kuzuia kutu. Sababu ni bei: chuma ni rahisi kuliko shaba, na Umoja wa Kisovieti ulihitaji risasi nyingi mno.

Kwa nini hukwama?

Baruti ikiwaka, ganda hutanuka na kuziba chemba, kisha hunywea ili livutwe nje. Shaba hufanya hivyo vizuri. Chuma ni kigumu, hakizibi sawasawa, hivyo masizi hupenya pembeni na kuchafua chemba.

AK huvumilia, kwa sababu ganda lake limepungua unene kuelekea mbele na hutoka kwa urahisi. Ganda la AR-15 ya Marekani limenyooka zaidi. Chemba ikichafuka, ganda hunasa, na bunduki inayojipakia yenyewe husimama hapo hapo. Dawa yake ni kusafisha chemba mara kwa mara.

Je, hula mtutu?

Watu hulaumu ganda, lakini ganda halipiti kwenye mtutu. Kinachopita ni kichwa. Risasi nyingi za bei nafuu zina kichwa kilichovikwa chuma chini ya utando mwembamba wa shaba, na hicho ndicho humaliza mtutu mapema. Kikigonga jiwe hutoa cheche, na wakati wa kiangazi cheche hizo zinaweza kuwasha nyasi.

Ukiiona porini au shambani

Ganda la chuma hushika kutu na hunaswa na sumaku, kwa hiyo risasi huweza kudhaniwa ni chuma chakavu. Kutu ya nje haimaanishi baruti imekufa. Usiiokote, usiigonge, usiitie motoni, wala usiipeleke kwa mnunuzi wa vyuma. Waondoe watoto, weka alama mbali kidogo, kisha mjulishe chifu, mwenyekiti wa kijiji au polisi. Kenya na Tanzania, kukaa na risasi bila kibali ni kosa la jinai, hata ikiwa ni moja tu.