Farasi wa Crescent Valley na Swali Lililokwepwa

Februari 2003, Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani iliswaga mamia ya farasi wa Mary na Carrie Dann, ndugu wawili wa jamii ya Washoshone wa Magharibi, kutoka malisho ya Crescent Valley, jimbo la Nevada. Miezi mitano kabla ya hapo walikuwa wamekamatiwa ng'ombe 227, wakanadiwa. Maelezo ya serikali yalikuwa mafupi: kina Dann hawalipi ada ya malisho, na mifugo yao imeelemea nyasi. Hoja ya nyasi huenda ilikuwa na ukweli wake. Makala hii inashikilia kwamba ilitumika kukwepa swali lililotangulia, yaani ardhi ile ni ya nani.

Mkataba wa Ruby Valley wa 1863 ni mkataba wa amani na urafiki. Uliwaruhusu Wamarekani kupita, kujenga reli na kuchimba madini. Hauna kifungu cha Washoshone kukabidhi nchi yao. Pamoja na hayo, mwaka 1962 tume iliyoundwa kusikiliza madai ya wenyeji wa asili ilitamka kwamba haki yao ilikwisha kwa walowezi kujipenyeza kidogo kidogo. Haikutaja mauzo, wala vita, wala sheria ya Bunge iliyoifuta. Fidia ikakokotolewa kwa thamani ya 1872: takriban dola milioni 26 kwa ekari zipatazo milioni 24.

Kina Dann, walioshtakiwa kwa uvamizi tangu 1974, waliikataa fidia hiyo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua kwamba malipo yalikwisha kufanyika pale fedha zilipowekwa kwa jina la kabila katika Hazina ya Marekani, ingawa hakuna Mshoshone aliyekuwa amepokea hata senti. Kwa maneno mengine, mdaiwa alitoa fedha mfuko wa kulia akatia wa kushoto, kisha akajiandikia stakabadhi. Mahakama haikuuliza kama haki ya ardhi ilikwisha kweli. Iliuliza tu kama deni limelipwa.

Itapingwa kwamba Washoshone wenyewe hawakuwa na kauli moja. Ni kweli. Katika kura ya 2002 wengi walitaka fedha zigawanywe, na sheria ya mgawo ikapita 2004. Lakini mtu anayepokea fidia baada ya kufungiwa milango ya mahakama hajakiri kwamba aliuza. Waliokuja kuwaunga mkono kina Dann walipinga jambo hilohilo: ada ya malisho humlipa mwenye ardhi, na kuilipa kungekuwa kukubali kwamba mwenye ardhi ni serikali.

Farasi wanaifunua hoja rasmi kuliko ng'ombe. Sheria ya 1971 inawalinda farasi wasio na chapa wala mwenyewe katika ardhi ya umma. Farasi huyohuyo akiwa wa Mshoshone anageuka mvamizi, ingawa nyasi anazokula ni zilezile. Tena si mbali na hapo, machimbo ya Cortez yamefukua ardhi kwa ajili ya dhahabu, chini ya sheria ya 1872 isiyoidai kampuni mrabaha wowote wa serikali kuu. Anayeumia kwa ajili ya uoto wa Nevada angeanzia huko.

Desemba 2002, Tume ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika ilikuta kwamba Marekani imevunja haki ya kina Dann ya usawa, ya kusikilizwa kwa haki na ya mali. Serikali iliikataa ripoti hiyo. Machi 2006 kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi nayo iliitaka Marekani isitishe hatua zake dhidi ya Washoshone. Wanaofundisha sheria ya ardhi katika vyuo vyetu wasiusomeshe uamuzi wa 1985 peke yake. Wauweke mezani pamoja na ripoti ya 2002, na maandishi ya mkataba wenyewe.